Ukumbi ulijaa, deni likabaki: nani atanifundisha kutayarisha tamthilia?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, nilizaliwa Mombasa, nikaletwa Minneapolis nikiwa na miaka 11. Nafanya kazi kwenye duka la dawa la hospitali. Mwaka jana mimi na wenzangu tuliandaa mchezo wa kuigiza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, hapa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, Ijumaa na Jumamosi. Ukumbi wa viti 180 ulijaa siku zote mbili, watu wakasimama kupiga makofi, na mwisho wa yote nikabaki na deni la dola 1,900 nililolilipa kwa mshahara wangu. Nataka kuijua kazi hii sawasawa, niwe mtayarishaji wa tamthilia za watu Weusi, si mtu wa kubahatisha. Kuna mtayarishaji mzoefu, Mmarekani Mweusi mwenye jina lake, amesema atanilea: nimfanyie kazi siku tatu kwa wiki kwa miezi minane bila malipo, na nikimletea wawekezaji wa dola 50,000 jina langu litakuwa kwenye bango kama mtayarishaji mwenza. Mama anasema huo ni utapeli. Rafiki yangu anasema nikasome shahada ya uzamili. Mwingine anasema kazi hii ni ya wenye pesa, mimi sina, niachane nayo. Halafu mimi ni Mswahili, si Mweusi wa hapa. Nina nafasi kweli? Nishike lipi?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, lakini nitaanza na lile ambalo hukuliuliza, yaani hilo deni. Umelitaja kama ajali. Mimi naliona kama somo la kwanza la kazi unayoitaka, na umeshalilipia ada.

Nilipokuomba hesabu za mchezo wenu ulinitumia picha ya ukurasa mmoja wa daftari, mwandiko wa mama yako, kumbe ndiye aliyekuwa mweka hazina. Nimekaa na ukurasa ule jioni nzima. Ukumbi kwa siku mbili, 1,600. Taa na sauti, 1,100. Mavazi na vifaa vya jukwaani, 900. Waigizaji wanane, 200 kila mmoja, 1,600. Matangazo na uchapishaji, 450. Bima, 250. Mwandishi, 200, na hapo nimesikitika kidogo kwa niaba ya mwandishi. Jumla 6,100. Upande wa mapato, tiketi ya dola 15, na kila usiku viti 40 vya waalikwa: wazee, wafadhili, jamaa za waigizaji. Pembeni mama ameandika "bure!!" akapiga mstari chini yake mara mbili. Waliolipa kwa siku zote mbili ni 280, na mlango ukaleta 4,200.

Sasa fanya hesabu moja ambayo daftari halikuifanya. Tuseme hamkualika mtu hata mmoja, viti vyote 360 vimelipiwa. Mngepata 5,400. Bado mna deni la 700. Maana yake mchezo wenu ulikuwa umekwisha kufilisika kabla taa za ukumbi hazijazimwa, na makofi yote yale yasingeweza kuuokoa. Waalikwa waliongeza tatizo, hawakulianzisha.

Tatizo ni hili. Mchezo una gharama za kuuzaa na gharama za kuulisha. Mavazi, matangazo, bima, mwandishi, kufunga taa: hizo unalipa mara moja, uonyeshe siku mbili au ishirini. Ukumbi, mafundi na posho za waigizaji ni chakula cha kila siku. Nyinyi mlimzaa mtoto kwa gharama kamili, mkamlisha siku mbili, mkamzika. Usiku wa tatu ungewagharimu kiasi gani? Kwa bei za daftari lenu, ukumbi 800, mafundi wa taa labda 200 kwa kuwa vyombo vimeshafungwa, waigizaji wanane kwa dola 50 kwa kuwa mazoezi yameshalipiwa, yaani 400. Jumla 1,400. Watu 140 wanaolipa wanaleta 2,100. Zinabaki 700. Usiku wa tano ungemaliza deni na kubakiza dola 200 za chai. Swali la mtayarishaji, basi, si "je, ukumbi utajaa?" tu. Ni "tunahitaji kuujaza mara ngapi ili mtoto ajilishe, na je, watu wa kuujaza mara hizo wapo?" Kama Waswahili wa Brooklyn Park na jirani zao hawafiki 700, ilibidi mjue hilo mapema, mpunguze mavazi au mpandishe tiketi.

Broadway, zile kumbi kubwa za biashara kule New York, ni hesabu hiyohiyo, imeongezewa sifuri. Mchezo wa muziki wa siku hizi hula dola milioni 15, 20 na zaidi kabla ya kufunguliwa, kisha mamia ya maelfu kila wiki. Huko kila mtu anakwambia kwamba katika maonyesho matano, moja ndilo hurudisha fedha za wawekezaji. Na hata huko, kinachoua mchezo mara nyingi ni kuishiwa chakula kabla wageni hawajafika. Ulizia habari za mchezo wa muziki wa *The Wiz*. Aliyeitayarisha ni Ken Harper, Mweusi aliyetokea kwenye kazi za redio. Ilifunguliwa Januari 5, 1975, wahakiki wengine wakaiponda, na mara tu baada ya kufunguliwa tangazo la kufunga lilikuwa limeshabandikwa. Hakukuwa na kosa jukwaani. Watu Weusi wa New York, ambao kwa miaka hawakuwa wakialikwa Broadway, hawakuwa bado wamepashana habari. Fedha zaidi zilipatikana kutoka kwa kampuni ya filamu ya 20th Century Fox waliokuwa wameshawekeza, likatengenezwa tangazo la televisheni, mchezo ukavuka wiki zile mbaya. Ukachukua tuzo saba za Tony, zile za juu kabisa za Broadway, na kuonyeshwa mara 1,672, hadi 1979. Kama Harper angekosa akiba ya wiki chache, leo tungekuwa tunasema Weusi hawaendi kuangalia michezo. Na yapo maonyesho mengi ambayo hakuna anayeyakumbuka kwa sababu hiyo tu.

Hapo naingia kwa rafiki yako anayesema kazi hii ni ya wenye pesa. Amechanganya mtayarishaji na mwekezaji. (Ukiwa Dar ukisema "prodyuza" watu wanafikiria kijana wa studio mwenye kompyuta na maiki, kwa hiyo kuchanganya majina hatukuanza leo.) Mwekezaji anatoa fedha, anangoja. Mtayarishaji ndiye aliyesoma mchezo ukiwa karatasi kumi, akamfuata mwandishi akaandikiana naye, akamchagua mwongozaji, akatafuta ukumbi, akakusanya fedha, akaamua bei ya tiketi, na usiku theluji ikianguka ndiye anayepigiwa simu. Umewahi kuiona kamati ya harusi kwetu ikifanya kazi. Kuna mwenyekiti, kuna kadi za ahadi, kuna anayepita kuwakumbusha walioahidi wakanyamaza, kuna anayepigana na mwenye ukumbi juu ya saa ya kufunga. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni mtayarishaji, hata kama mfukoni hana nauli. Tofauti ni moja: mchangiaji wa harusi anataka pilau na kuonekana kwenye video. Mwekezaji anataka fedha zake zirudi, na sheria inamlinda. Hilo nitalirudia, maana ndipo dola 50,000 zako zilipojificha.

Kama kazi ni ya ujuzi, mbona Weusi wanaoifanya ni wachache hivyo? Waigizaji Weusi wamefunzwa Marekani kwa vizazi. Negro Ensemble Company, iliyoanzishwa New York mwaka 1967 na Douglas Turner Ward, Robert Hooks na Gerald Krone kwa ruzuku ya Ford Foundation, ilifundisha bila ada. Woodie King Jr. alianzisha New Federal Theatre mwaka 1970 kule Lower East Side, na kwa nusu karne waandishi na waigizaji wamepita mikononi mwake. Mchezo wa *For colored girls* wa Ntozake Shange ulitoka kwenye mabaa, ukapita kwa King, ukaenda Public Theater, ukaingia Broadway Septemba 1976. Vipaji havikukosekana hata siku moja. Kilichokosekana ni watu wa kushika kalamu ya hesabu, kwa sababu kalamu hiyo haifundishwi darasani kwa urahisi. Hufundishwa mezani, baada ya onyesho, na mtu aliyekuzoea. Ama ulizaliwa karibu na meza hiyo, ama ulikuwa na mzazi wa kukulipia kodi ya nyumba mwaka mzima ukibeba kahawa za wakubwa. Weusi wengi hawakuwa na hili wala lile.

Matokeo yake unayaona kwenye majengo. Mwaka 1996, pale Princeton, August Wilson, mwandishi Mweusi wa tamthilia, alisimama mbele ya watu wa tamthilia akawaambia kwamba katika kumbi kubwa 66 za mikoani zilizomo kwenye umoja wao, moja tu ndiyo ya Weusi. Hiyo moja ilikuwa Crossroads ya New Brunswick. Mwaka 1999 Crossroads ikawa ya kwanza ya Weusi kupewa Tony ya kumbi za mikoani. Mwaka uliofuata ikasimamisha maonyesho kwa sababu ya madeni. Tuzo kabatini, mlango umefungwa. Baadaye iliinuka tena, lakini kila ninapofundisha vijana huanza na mwaka huo. Mwenzake wa kuangalia ni Barbara Ann Teer, aliyeanzisha National Black Theatre Harlem mwaka 1968. Baada ya moto kuwatoa walipokuwa, mwaka 1983 alinunua jengo pale Fifth Avenue na mtaa wa 125. Watu walimwona kama mwigizaji aliyeingia kwenye biashara ya nyumba. Lakini taasisi yake iko hai leo, chini ya binti yake Sade Lythcott, na mchezo wa *Fat Ham* ulipopanda Broadway mwaka 2023, National Black Theatre ilikuwa miongoni mwa watayarishaji, haikuachwa nyuma kama mkunga aliyesahauliwa.

Sasa kwa yule mzee, mtayarishaji aliyesema atakulea.

Mama yako ana sababu ya kushtuka, lakini neno "utapeli" ni zito mno kwa hayo uliyonieleza. Watu wengi wazuri katika kazi hii hutoa masharti ya aina hiyo kwa sababu wao wenyewe walipewa hayohayo. Swali si kama ni mtu mbaya. Swali ni kama utafundishwa.

Sisi watu wa pwani tuna somo, yule mama anayemweka mwari chini. Kazi ya somo ni kusema yale ambayo wengine wanaona haya kuyasema. Kwenye tamthilia, kinachoonewa haya si mambo ya chumbani, ni pesa. Mlezi wangu mimi alikuwa mama mmoja wa Brooklyn, New York, ukumbi wa viti 99, ngazi zinazolia. Nilifika kwake nikitokea Tanga kupitia kazi za kuosha vyombo, nikidhani nitajifunza sanaa. Kila usiku baada ya onyesho alinikalisha kwenye kile kibanda cha tiketi, kipasha-joto miguuni, akanipa karatasi ya mauzo ya usiku na kalamu nyekundu. "Nionyeshe zipi zinatudanganya," angesema. Wiki ya kwanza sikuelewa. Watu 84 ukumbini, mimi nimefurahi. Yeye anazungushia nyekundu 22 za bure, 19 za nusu bei, 6 zilizolipiwa kwa kadi ambazo benki imezikataa. Zilizobaki za bei kamili ni 37. "Leo tulikuwa na watu 37 na marafiki 47," akasema, akazima taa. Alinilipa, si nyingi, lakini alinilipa. Na kila Jumanne aliniketisha kwenye kikao cha matangazo, kazi yangu ikiwa kunyamaza na kuandika, hadi siku aliponigeukia mbele ya watu wote akauliza, "Wewe ungekata wapi?"

Kwa hiyo, nenda kwa mzee wako ukamuulize waziwazi kama utaiona bajeti, yote, si ile fupi wanayoonyeshwa wageni. Muulize kama utaketi kwenye kikao cha kila wiki cha mauzo na matangazo, na kama utausoma mkataba wa kampuni ya mchezo, ule unaosema nani anarudishiwa fedha kwanza na faida inagawanywaje. Kwa kawaida, fedha za wawekezaji zikisharudi, faida hukatwa nusu kwao na nusu kwa upande wa watayarishaji, na ni kwenye nusu hiyo ya pili ambapo watayarishaji wenza hupewa vipande vyao. Ukishajua hivyo, utaelewa kwa nini "jina kwenye bango" peke yake ni nusu ya sentensi. Jina na asilimia ngapi? Jina na sauti gani kwenye maamuzi? Anayejibu maswali haya bila kukunja uso ni mlezi. Anayesema "utajua mbele ya safari" anatafuta msaidizi wa bure.

Juu ya siku tatu kwa wiki bila malipo, sitazunguka: usikubali kama ilivyo. Una kazi yenye bima ya afya, na miezi minane ni mingi. Pia kampuni ya biashara ikimtumia mtu kama mfanyakazi, sheria za kazi za Marekani haziridhiki kirahisi na neno "mafunzo". Mpe pendekezo jingine: siku moja kwa wiki na Jumamosi za maonyesho, kwa miezi minne, mchezo mmoja mahususi, posho hata ndogo, barua ya ukurasa mmoja inayotaja utakayofundishwa. Watu wazoefu hawachukizwi na barua ya ukurasa mmoja.

Dola 50,000 ndizo zinazonitia wasiwasi wa kweli. Desturi ya kumpa mtu jina kwa fedha alizoleta imeenea Broadway nzima, usidhani umeonewa wewe. Lakini hisa ya mchezo ni dhamana kisheria, sawa na hisa ya kampuni. Kwa kawaida wanaouziwa ni watu ambao sheria inawahesabu kuwa wanaweza kuhimili hasara: kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, au 300,000 pamoja na mwenzi, au mali ya zaidi ya milioni moja bila kuhesabu nyumba wanayoishi. Kwa njia inayotumiwa zaidi, huruhusiwi kutangaza ovyo. Nakufahamu wewe na watu wetu: jambo la kwanza litakalokujia ni kuandika kwenye kundi la WhatsApp la Wapwani wa Minnesota, "wekezeni dola 500 kwenye mchezo wa Broadway". Usifanye. Hilo ni tangazo kwa umma, na wale akina mama wa kundi hilo ndio haswa ambao sheria inajaribu kuwalinda. Na ukilipwa kwa kadiri ya fedha unazoleta huku huna leseni ya udalali, unaingia mahali pengine pabaya. New York ina sheria yake juu ya fedha za michezo: zinapaswa kutunzwa kando kwa ajili ya mchezo huo, si kuingia mfuko wa mtu. Kwa kifupi, kwa sasa mwambie mzee hutaleta wawekezaji. Kama anakutaka kwa akili yako atakubali. Kama alikutaka kwa kitabu chako cha simu, utajua siku hiyohiyo.

Kuna njia ya kukusanya fedha ndogo kihalali kwa ajili ya mchezo wenu wa jamii, nayo ni michango, si uwekezaji. Shirika lisilo la faida linaweza kupokea michango kwa niaba yako, likakata asilimia yake, na mchangiaji akapata nafuu ya kodi. Fractured Atlas hufanya hivyo nchi nzima. Hapo kundi la WhatsApp ruksa.

Shule nitaipitia haraka. Shahada ya uzamili ya utayarishaji au uongozi wa tamthilia ni miaka miwili au mitatu. Columbia inayo na ni ghali. Yale, baada ya zawadi ya dola milioni 150 kutoka kwa David Geffen mwaka 2021, shule yake ya tamthilia haitozi ada, ila kuingia ni kupenya tundu la sindano. Faida ya shule ni wenzako uliosoma nao, kuliko masomo. Mimi sikwenda, na sijifanyi kuona fahari kwa hilo. Zipo simu ambazo hadi leo sipokelewi kwa sababu sikukaa darasa moja na mtu. Kwako, kabla ya miaka mitatu, jaribu wiki chache. Theatre Producers of Color, kikundi kilichozaliwa wakati wa Uviko, hutoa kozi ya msingi ya utayarishaji bila ada kwa watu wasio Wazungu. Commercial Theater Institute ya New York nayo ina semina fupi za upande wa biashara. Ukimaliza moja ya hizo na bado kichwa kinawaka, hapo zungumzia Yale.

Halafu hili la Uswahili. Sitakudanganya kwamba hakuna mvutano. Mwafrika aliyekuja na mizigo yake na Mweusi ambaye babu zake waliijenga nchi hii bila malipo hawana historia moja, na mara nyingine sisi wageni tunaingia kwenye nyumba za watu tukiuliza sebule iko wapi bila hodi. Lakini jukwaa la Weusi wa Marekani limetupokea. Danai Gurira, aliyekulia Zimbabwe, alisoma chuo cha Macalester, hapohapo St. Paul. Mchezo wake *Eclipsed*, habari za wanawake wa Liberia, uliingia Broadway mwaka 2016 na Lupita Nyong'o wetu akiwa jukwaani, na miongoni mwa waliouleta walikuwa watayarishaji Weusi Stephen Byrd na Alia Jones-Harvey. Hao ndio waliotoa *Cat on a Hot Tin Roof* mwaka 2008 yenye waigizaji Weusi watupu, wakati wengi waliona ni wazimu.

Adabu yake ni kununua tiketi kwanza. Kampuni ya tamthilia ya Penumbra iko St. Paul tangu 1976, iliyoanzishwa na Lou Bellamy katika mtaa wa Rondo, mtaa wa Weusi uliopasuliwa katikati na barabara kuu ya I-94. August Wilson alionyesha kazi zake za mwanzo hapo. Umeishi dakika ishirini kutoka hapo miaka 18. Umeingia mara ngapi? Nenda, kaa viti vya nyuma, soma majina yote kwenye programu, hasa yale ya herufi ndogo mwishoni. Jitolee mlangoni usiku mmoja kwa wiki. Kampuni ya Mixed Blood nayo iko Cedar-Riverside, Minneapolis, katikati ya Wasomali, na imejaribu kwa miaka kuendesha ukumbi ambao mtu anaweza kuingia bila kulipa. Nenda ukawaulize hesabu hiyo inakaaje, maana ni kinyume kabisa cha zile tiketi 40 zenu. Na mwaka wa tamasha kubwa la tamthilia za Weusi ukifika, panda basi hadi Winston-Salem, North Carolina. Larry Leon Hamlin alilianzisha mwaka 1989, hufanyika kila baada ya miaka miwili, na kwa wiki moja mji mzima unajaa watu wa jukwaa Weusi. Nimepata kazi mbili kwenye foleni ya samaki wa kukaanga kule.

Mahali pa kuacha kusoma ushauri wangu na kwenda kwa mtu uso kwa uso ni pale karatasi yoyote inapotaka sahihi yako. Mchezo wenu wa mwaka jana: je, mna maandishi na mwandishi? Najua jibu. Mimi niliwahi kuulea mchezo miezi 14, vikao vya kusoma sebuleni kwangu, chai na maandazi nikipika mwenyewe, na mwandishi rafiki yangu wa damu. Ukumbi mmoja mkubwa ukamwita, akaenda, na sikuwa na hata mstari mmoja wa kunionyesha nilikuwepo. Simlaumu. Tafuta wakili wa mambo ya sanaa aandike makubaliano ya muda, kwamba kwa ada fulani una haki ya kuutayarisha mchezo huo kwa mwaka mmoja au miezi 18, na kinachotokea ukihamia ukumbi mkubwa. Springboard for the Arts, St. Paul, wana ushauri kwa wasanii kwa bei ya chini na watakuelekeza kwa mawakili. New York kuna Volunteer Lawyers for the Arts. Barua ya mzee ipeleke hukohuko kabla hujaisaini, na kama kuna mtu anayeshiriki mchezo wenu kwa viza ya masomo au ya muda, amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kupokea hata posho ya dola 50.

Kabla hujarudi kwa mzee, toa nakala ya ule ukurasa wa mama yako uende nao. Uweke mezani mbele yake, usiseme kitu. Akishika kalamu akaanza kuuliza habari za zile tiketi 40, agiza chai nyingine ukae. Akiusogeza pembeni akarudi kwenye dola 50,000, mshukuru, chukua karatasi yako, na mwambie mama aandae ukurasa mpya wa siku tano.